Bastola Niliyomchagulia Mbwa Wangu

Mwanangu, nakumbuka siku niliyofukuzwa nyumbani na mama yangu mzazi kwa sababu ya mlio mmoja tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Rugera na vitu viwili: cheti cha sekondari na uvivu. Wenzangu walikwenda Bukoba kutafuta kazi. Mimi nilitafuta mahali pazuri pa kukaa, karibu na chungu cha ndizi. Hata ng'ombe wa baba niliona afadhali walindwe na mbwa, mimi nilinde kiti.

Mbwa huyo aliitwa Kahawa, kwa rangi yake. Basi Bwana Mifugo akatangaza mashindano ya mbwa walinzi mnadani: askari atapiga bunduki hewani, mtu aliyevaa magunia atajifanya mwizi wa ng'ombe, na mbwa atakayemng'ang'ania bila kuukimbia mlio ndiye mshindi. Nikasikia Mzee Bitegeko wa Bweranyange atakuwapo. Huyo alikuwa na ng'ombe wengi na binti mmoja, Koku, niliyempenda tangu tukiimba kwaya moja. Posa nilikwishapeleka, ila mzee alikuwa bado anaitafuna. Nikajisemea, Kahawa akishinda mbele yake, ataimeza.

Tatizo, Kahawa hakuwahi kusikia bunduki. Nikaenda dukani kwa Ta Projesti, yaani Bwana Projesti, mfanyabiashara kutoka Muleba, aliyekuwa na bastola mbili za kuanzishia mbio za shule, zile zinazolia bila kutoa risasi. Moja ilikuwa ndogo, mlio wake kama ukuni mkavu unaopasuka motoni. Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, na alipoijaribu, kuku wa soko zima walihama.

“Unataka ya mbwa au ya Koku?” akaniuliza, maana habari huku hazihitaji baiskeli.

“Ya mbwa, Ta.”

“Basi chukua ndogo.”

Nikachukua kubwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo debe lilikuwa kichwa changu chenye cheti.

Nilisimama uani, majirani wakiniangalia, Kahawa miguuni pangu, nikafyatua. Mwanangu, mbwa yule alipita katikati ya mtumbwi wa rubisi, pombe ya ndizi aliyoikamua mama tangu alfajiri, akatoka upande wa pili amelowa, akapotelea migombani. Mama alifuta uso kwa khanga, polepole, akasema, “Mfuate. Bila yeye usirudi.”

Nikatembea nikiuliza. Siku ya pili nikamkuta Bweranyange, kwenye zizi la ndama la Mzee Bitegeko, alikokimbilia kwa njia aliyoizoea katika safari zangu za posa. Koku alikuwa anampa maziwa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mbwa wako ametangulia kuposa,” mzee akasema. “Nami nakwambia, binti yangu haendi kwa mtu anayekimbiwa na mbwa wake mwenyewe.”

Koku aliinamia bakuli, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilitamani ndama mmoja anikalie.

Kisha mzee akatungua ukutani kengele ya mbwa wake wa kuwindia, iliyosokomezwa majani ndani. “Njiani haisemi,” akasema. “Tukifika porini ndipo natoa majani. Mbwa wangu akiisikia anajua nyama inakuja. Wako kaisikia bastola akajua kifo kinakuja. Ulimchagulia yeye mlio, au ulijichagulia wewe sifa?”

Swali la namna hiyo sekondari hatukufundishwa.

Nilirudi kwa Ta Projesti, naye akanibadilishia bastola huku akikohoa kuficha kicheko. Mzee akaturuhusu tujifunzie kwake. Koku alifyatua ile ndogo kutoka ng'ambo ya bonde, bibi yake akiwa kando kuhakikisha hakifundishwi kingine. Kila ilipolia, mimi nilimpa Kahawa kipande cha nyama. Kwanza alisimamisha masikio, baadaye akatikisa mkia. Hapo Koku akasogea mpaka mwisho wa migomba. Kahawa akisita, tulirudi nyuma. Haba na haba hujaza kibaba: mbwa alizidi kuuzoea mlio, na Koku alizidi kunikaribia, nami sikuwa na haraka wala malalamiko.

Siku ya mnada askari akainua bunduki, ikalia. Mimi, mwenye cheti, nilichuchumaa nikashika kichwa kwa mikono miwili. Nilipofumbua macho, Kahawa alikuwa ananing'inia kwenye magunia ya mwizi, na watu wote wanacheka huku wakinitazama mimi.

Mzee Bitegeko alifuta machozi ya kicheko. “Mbwa amehitimu,” akasema. “Huyu mwingine tumwachie Koku amalizie kumfundisha.”

Ndivyo nilivyojibiwa posa yangu.

Basi, mwanangu, ukitaka kufundisha, awe mbwa, awe mtoto, usichague chombo kwa ajili ya macho ya majirani. Chagua kile ambacho masikio ya mwanafunzi yanaweza kukibeba leo. Anza mbali, anza na kidogo, na jambo gumu lifuatane na tamu. Akishtuka, aliyekosea ni wewe. Rudi nyuma, wala usione haya.

Mungu akujalie subira na mkono mwepesi, mifugo yako iongezeke, na uzee ukukute kwako, umezungukwa na watu, unacheka.