Ngozi ya Mkia kwenye Bunduki ya Baba

Mwaka wa 1972, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndipo shida ilianza. Ng'ombe wetu alikufa, na hatukuwa na mwingine. Wiki hiyo hiyo baba, ambaye alikuwa mlinzi wa shamba la kahawa hapa Thika, alianguka kwenye mtaro na bunduki yake ya marisau ikapasuka kitako. Ilikuwa yake, na karatasi za leseni. Mzungu wa kwanza wa shamba hilo alimwachia akirudi kwao.

Baba alifanya vile watu wetu hufanya na mpini wa panga. Alichuna mkia wa yule ng'ombe, akaivuta ngozi ikiwa mbichi juu ya ufa, akaishona. Dada yangu mkubwa aliifinya kwa kidole gumba isiteleze. Ngozi kama hiyo ikikauka inabana kuliko waya. Ilikauka na alama ya kidole chake, kashimo kadogo.

Kabla ya mvua kuisha, baba naye tulimzika. Mimi nikatoka shule darasa la tatu. Polisi wakaichukua bunduki wakaiweka, maana nyumbani hakukuwa na mtu wa leseni. Dada alichuma kahawa akanilisha. Hakuolewa kwa sababu yangu, na hakuwahi kunitajia. Nikikua nilibeba mawe, nikauza mchanga, nikanunua lori. Mtu asiniambie habari ya masomo.

Leseni nilikuja kuipata nikiwa mzee. Wakati huo dada alikuwa akiishi kwangu Ngoingwa, sukari imemaliza macho na sasa inamaliza figo. Aliposikia bunduki imetoka polisi, akasema anataka tu kuishika kabla hajaenda. Nikamwambia angoje. Ilikuwa imejaa kutu, mbao imeliwa na wadudu. Singempelekea kitu kama hicho, mimi mtu wa malori.

Nikaanza kutafuta fundi. Wa kwanza, mtengenezaji wa mageti pale mtaa wa Landless, aliiangalia akasema mitutu ingefaa kuwa bomba la maji, nikamwacha na mdomo wake. Muuzaji wa bunduki Nairobi ndiye alinielekeza Ruiru, kwa mzee mmoja mwenye leseni ya kazi hiyo, nyuma ya hoteli za Kamakis. Ukiwa kwake unasikia harufu ya nyama choma.

Mzee huyo aliifungua polepole, akachungulia mitutu, akasema ndani bado ni nzima. Halafu akaweka kidole kwenye ngozi.

"Hii naweza kuiacha. Nitafanya kazi kando yake."

"Toa," nikamwambia. "Hiyo ni ya wakati wa shida. Nataka ing'ae."

"Ukisema toa, haitarudi."

"Nimesema toa. Bunduki ni yako ama ni yangu?"

Akakata. Kazi aliyofanya, sitadanganya, sijaona nyingine kama hiyo. Ufa aliuziba hata nikakosa kuuona, na mbao ikawa na rangi ya chai ya rangi. Nilirudi nyumbani kama bwana harusi.

Dada aliomba maji anawe mikono kwanza. Tukamkalisha, nikamwekea bunduki mapajani, haina kitu ndani. Akaanza kwenye mitutu, akaja nyuma polepole mpaka kitako. Akapita. Akarudi. Akapita tena.

"Muru wa maitu," akasema. Ndivyo aliniita siku zote, mwana wa mama yangu. "Hii ni ya nani?"

"Ni ya baba."

"Kidole changu kiko wapi?"

Mimi ambaye madereva wote wa mchanga wananiogopa, niliinua bunduki nikaitoa chumbani.

Asubuhi nilikuwa Ruiru. Yule fundi hakuuliza nimefuata nini. Alinionyesha msumari ukutani.

"Ngozi niliitundika hapo, maana nilijua utarudi. Mbwa amekutangulia."

Alikuwa amelala pale mlangoni, mbwa mnene wa mifupa ya Kamakis. Kulikuwa kumebaki uzi tu. Nikauchukua.

Nilimweleza dada vile ilivyokuwa, bila kuzunguka. Akacheka kidogo.

"Ng'ombe yule hakuwahi kumshibisha mtu. Sasa amemshibisha mbwa."

Halafu akageukia ukuta. Bunduki hakuitaja tena, na mimi sikumpelekea. Mwezi uliofuata tulimzika kando ya baba. Uzi niliufunga kwenye kidole chake gumba, watu wakaniangalia, nikawaacha waniangalie.

Leo nina nyumba ya mawe Ngoingwa. Nina ploti mbili za kukodisha Landless, malori matatu, moja halitembei. Nina ng'ombe wanne wa maziwa. Na nina bunduki moja ya marisau, kitako kizima, haina alama yoyote.