Niliisingizia Eda

Naandika haya nna hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Wengine watafuata.

Nilikaa eda ya mume ambaye miezi mitatu kabla ya kufa alikuwa kesharudi kwa mama yake na mashati yake yote. Talaka alikuwa hajaitamka, basi. Gari ikapinduka njia ya Nizwa, na mimi nikawa mjane halali: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, ndani ya nyumba ya mama yangu Darsait, hapa Muskati, na binti yangu wa miaka mitatu akinizunguka miguuni. Wanawake walikuja na machupa ya kahawa na visahani vya halua, wakanishika mabega. "Subiri mwanangu, alikuwa mtu wa watu." Ndiyo, alikuwa wa watu. Wangu hakuwa. Nikiinamisha uso, wao wakadhani huzuni.

Chini yetu alipanga profesa. Jengo aliliacha babu, sisi tunakaa ghorofa ya pili, yeye ya kwanza. Alikuwa Myahudi, mtu wa miaka sitini hivi, ametoka Ulaya kuja kufundisha na kusoma makaratasi ya zamani ya Kiswahili ambayo familia zetu zimeyafungia masandukuni. Kiswahili alikipata Unguja ujanani mwake, na kilikuwa safi kuliko changu. Siku aliyokuja kutazama nyumba alimwambia mama dini yake waziwazi, asije akaisikia kwa watu.

Mama akamwangalia. "Basi pweza tutakula wenyewe, nyinyi dini hairuhusu," akasema, akampa ufunguo. Wa pili tukautundika kwenye msumari jikoni kwetu, kama tunavyofanya kwa kila mpangaji.

Alikuwa na mwanafunzi, Myahudi mwenzake. Si mtoto: miaka thelathini na nne, mvi zimeshaanza masikioni, anaandika shahada ya udaktari. Aliishi Ansab, lakini kila Ijumaa kabla ya magharibi utamwona anapanda ngazi zetu na mkate wa Sabato yao kwapani. Yeye Kiswahili alijifunza kwenye tenzi tu, neno la sokoni hajui. Mara ya kwanza tulipokutana ngazini aliniambia, "Ewe bibi mwema, nipe khabari ya vitunguu, vipatikanapo."

Nilicheka mpaka mtoto nusura aniponyoke. "We ami umetoka kaburini?"

"Hapana, Ansab."

Nilivyojua kuwa wanapendana si kwa jambo lolote la fedheha. Ijumaa moja niliteremka na sahani ya mkate wa kumimina, mlango uko wazi kidogo. Mishumaa miwili mezani. Profesa anamgombeza, "Sura ya tatu ni takataka, umeandika ukiwa umelala?" na huku anamfunga kifungo cha mkono wa shati, polepole, kama vile shati lile ni la hariri. Mwanafunzi ameunyoosha mkono tu, anacheka. Nikaweka sahani, nikapanda juu. Mume wangu alikuwa bado yuko nyumbani wakati ule, kalala na simu kifuani. Nikamtazama nikaona uchungu mpaka menoni.

Sikumwambia mtu. Lakini jirani wa ghorofa ya tatu alipokuwa akiuliza, "Hivi yule mwanafunzi mbona hahitimu?" na wanawake wakaangua kicheko, na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nisije nikaonekana najua kitu.

Mimi nashona kofia, ndiyo kazi yangu. Siku moja profesa alipanda na shuka la sufi, jeupe lenye mistari myeusi, pindo limefumuka. Pembe zake nne zina vishada vya nyuzi zilizopigwa mafundo.

"Vishada usiviguse," akaniambia. "Pindo tu."

"La sala hili?"

"La sala, na la safari. Nyinyi mna sanda, sisi hufunikwa na hili. Baba yangu aliniachia." Akamwonyesha kwa kidevu mwanafunzi aliyesimama nyuma yake. "Huyu ndiye anayejua nataka nizikwe nalo. Kwetu wengine hawajali."

"Profesa, khabari za mauti na hatujala?"

"Wewe nyamaza. Kwanza sura ya tatu."

Nililishona siku mbili, mshono mdogo mdogo ambao huuoni mpaka uutafute. Sitaki mtu aseme sikujua lile shuka lilikuwa nini. Nilijua. Niliambiwa kwa mdomo wake.

Mwezi wangu wa tatu wa eda, profesa alianguka darasani. Hospitali alifika kesha kufa. Watu wa chuo walikuja, wakachukua pasi yake na makaratasi, wakafunga nyumba wakaondoka na ufunguo wake. Ndugu yake alikuwa akiamrisha kila kitu kwa simu kutoka huko kwao. Miaka mingi hawakuwa wakisemeshana, tangu alipojua nduguye anaishi vipi. Hayo aliyaeleza mama, aliyewahi kuambiwa na profesa mwenyewe.

Kesho yake, saa tisa alasiri, mama alikuwa kenda Hamriya kununua vitu vya nyumba. Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mimi, bibi. Mama yupo?"

Niliijua sauti ya mwanafunzi. "Hayupo."

"Naomba ufunguo wa chini. Lile shuka limo ndani. Ndugu yake amesema apelekwe hivyo hivyo alivyo. Sanduku linafungwa saa kumi na moja, halafu uwanja wa ndege. Nikilipeleka sasa nitawahi. Nitawaambia mwalimu wangu aliniachia wasia."

Tenzi zilikuwa zimemtoka. Kwa mara ya kwanza alikuwa akisema kama watu.

"Wewe huna ufunguo wako?"

"Sikutaka kuwa nao," akasema. Nikaelewa. Ufunguo wa nyumba ya mwanamme mwenzio ni ushahidi mfukoni.

"Niko edani," nikasema. "Simfungulii mwanamme."

"Usifungue. Nipe ufunguo tu."

"Nimeshasema niko edani."

Ningeishia pale, labda leo ningelala. Lakini nikamuuliza, "Kwani wewe ni nani wake?"

Nikasikia mgongo wake unateremka ukutani, halafu nikasikia kile kilio cha mtu anayeziba mdomo kwa mkono. Binti yangu alikuwa kalala kifudifudi, shavu kwenye vigae, anachungulia chini ya mlango.

"Mama, ami analia. Naviona viatu vyake."

"Inuka hapo!" Nikamvuta mkono mpaka na yeye akalia.

Nje akainuka. Akasema, "Samahani, bibi. Nilikuwa sijaja kukupa pole ya mumeo. Mungu akupe subira." Akateremka.

Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Mimi niliyekaa na machupa ya kahawa na halua kwa ajili ya mtu aliyenihama. Yeye hakupewa na mtu hata gilasi ya maji.

Nisijitetee kwa dini. Nilimwogopa jirani wa ghorofa ya tatu, kwamba angesema mjane kasimama mlangoni anazungumza na wanamme. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kijicho. Nilimsikia analia nikajua analia kweli, na mimi miezi mitatu nilikuwa nikitafuta chozi moja la kweli nisilipate. Nikamwadhibu kwa hilo.

Mama alirudi saa kumi na mbili kasoro. Nikamweleza, nikijifanya nimetenda la sawa. Akaweka mifuko chini.

"Eda ndiyo iliyokukataza? Ufunguo una ndevu?"

"Mama, mimi nilikuwa peke yangu..."

"Ulikuwa na mtoto na ulikuwa na mlango katikati. Nna miaka sitini na mbili, eda nimekaa mbili. Hakuna iliyonikataza kumhurumia mtu." Akatazama saa ya ukutani.

Wiki ya pili walikuja watu wa kuhamisha vitu. Vitabu vikaenda chuoni. Mama alilikuta shuka ndani ya mfuko mweusi wa taka, pamoja na mapazia. Akalipandisha, akaliweka mapajani mwangu. Mshono wangu ulikuwa umekaa vizuri. Nikalia. Ndipo nilipolia, na wanawake waliokuja kunipa pole wakasema alhamdulillah, hatimaye anamlilia mumewe.

Eda ilipokwisha walinitia hina, nikavaa rangi, wakapiga picha za sahani za halua. Kesho yake nikampigia simu mwanafunzi. Nambari mama alikuwa nayo. Alikuwa keshaondoka Muskati, shahada hakumaliza.

"Shuka ninalo," nikasema.

Akauliza, "Pindo limeshika?"

"Limeshika."

"Alikuwa akiusifu mkono wako."

"Nisamehe, ami."

"Usilitume kwa posta," akasema. "Kaa nalo."

"Utakuja kulichukua?"

"Sijui kama nitaziweza ngazi zile." Hakusema amenisamehe, na sikuuliza mara ya pili. Nililikunja nikaliweka kabatini, juu ya nguo zangu nyeupe.

Halafu nikaenda jikoni, nikautoa ufunguo msumarini. Nikapiga magoti mlangoni, pale pale alipolala binti yangu, nikausukuma chini ya mlango kwa kidole kimoja. Haukukwama popote. Uliteleza kwenye vigae mpaka ukagonga ukuta wa pili wa ngazi, na mama, aliyekuwa akipanda, akauliza kwa sauti, "Nani katupa ufunguo hapa?"