Taa Zilizofungwa kwa Huruma

Pale karakana ya mizani kila mtu alimwita Mama Vioo, na si kwa sababu alipenda kujitazama, ingawa wifi yake alidai hiyo nayo ilichangia. Kazi yake ilikuwa kununua vile vioo vidogo vinavyoonyesha uzito kwenye mizani za dukani, vile ambavyo mteja huvikodolea macho sukari yake inapopimwa. Vilitoka ng'ambo. Bila kioo mizani ni bati tu, na bila Mama Vioo karakana ingebaki na mabati.

Wanunuzi wengine huwabana wauzaji mpaka wawatoe jasho. Yeye alinunua kwa undugu. Simu ikipokelewa upande wa pili, alianza na afya ya mama mzazi wa muuzaji, akaja kwa watoto na mitihani yao, akasikitikia mvua kidogo, na bei akaigusa mwishoni kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza anaikumbuka. Bosi akipita alitikisa kichwa.

"Unanunua vioo au unaposa?"

Lakini bei ikishatajwa Bosi alinyamaza, maana hakuna karakana nyingine iliyopewa bei kama ile. Mdomo wa Mama Vioo ulikuwa mtaji wa kazi. Na mdomo huohuo ndio uliomponza.

Mwaka ule ushuru wa forodha uligeuzwa tena. Nasema tena kwa sababu mwaka uliotangulia nao uligeuzwa: kioo kilichokamilika, yaani kioo na taa yake ya nyuma vikiwa vimefungwa ndani ya fremu, kiliingia kwa nafuu, na karakana ikawa inaagiza vya namna hiyo. Sasa wakubwa wakaamua kazi ya kufunga ifanyike humuhumu nchini. Kilichokamilika kikapandishiwa ushuru hadi hakishikiki, kioo kitupu na taa tupu vikashushiwa. Wafanyabiashara wengi walilia. Bosi wetu alikuna kichwa siku mbili tatu, kisha akaweka meza ndefu dirishani na kuajiri wanawake wa kufunga taa.

Wa kwanza kuajiriwa alikuwa wifi ya Mama Vioo, dada wa mumewe, ambaye walikaa nyumba moja na kutaniana tangu siku ya harusi. Wifi alikuwa amehangaika na vibarua maisha yake yote, leo kufua, kesho kubeba matofali. Meza ile ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kudumu, na aliipenda mno. Jioni alirudi mgongo ukimuuma, akilalamika kwa majivuno kama mama wa mtoto anayefaulu shuleni. Mama Vioo alimkanda kwa maji ya moto huku akimwita bibi kizee.

Basi, siku ya kuagiza mzigo wa msimu, vioo vitupu na taa tupu, Mama Vioo alipiga simu yake ya kawaida. Walipomaliza habari za mama na watoto, akaona si vibaya kumweleza muuzaji habari za wifi.

"Kaka, ungemwona anavyoinamia hizo taa! Jioni hata sufuria hawezi kuinua."

Ilikuwa soga tu. Muuzaji akasikitika sana, akatoa pole, wakaagana.

Mzigo ulipofika kwenye ghala la forodha, Mama Vioo na Bosi walikwenda kuukagua. Boksi la kwanza likafunguliwa, la pili, la tatu. Kila kioo kilikuwa kimeshafungwa taa yake ndani ya fremu, kazi safi isiyo na kasoro. Mama Vioo akampigia muuzaji palepale.

"Umeviona?" muuzaji akacheka kwa furaha. "Nimekufungia vyote, na bei sijaongeza. Mwambie wifi apumzishe mgongo!"

Utamgombeza vipi mtu kama huyo? Mama Vioo alisema asante, kaka, Mungu akuzidishie, akakata simu.

Ofisa wa forodha, dada mmoja mpole, alisema lililo wazi: hivi vimekamilika, na ushuru wake ni ule mkubwa. Bosi akaketi juu ya boksi.

"Nikilipa ushuru huu sina mshahara wa watu wa mezani," alisema. "Na hata ningekuwa nao, wangefunga nini? Mwisho wa mwezi nitawaaga. Usimwambie wifi yako kwanza."

Wiki ile Mama Vioo hakupata raha. Alimpenda wifi yake, na sasa huruma yake mwenyewe ilikuwa inamfukuza kazi. Nyumbani alikuwa mpole hadi watoto wakamwogopa. Kuurudisha mzigo ng'ambo kungekula msimu mzima, na wenye maduka walikuwa wakisubiri mizani zao. Kila asubuhi alipitia forodha, akauliza hiki na kile, na kwa mazoea akauliza na afya ya mama mzazi wa ofisa. Asubuhi moja akauliza lile alilopaswa kuliuliza tangu mwanzo.

"Mwanangu, hivi mnatoza kitu kilivyofika, au kinavyotoka humu?"

"Kinavyotoka, mama. Kikiwa humu ghalani, kwa hesabu yetu hakijaingia nchini." Ofisa akayatazama maboksi. "Ukiomba ruhusa, unaweza kuvitenganisha humuhumu mbele yangu."

Ruhusa ikapatikana. Wanawake wa mezani wakaletwa ghalani, wakatandika mikeka juu ya saruji, wakaambiwa wafungue taa zote bila kuharibu. Hawakuelezwa zaidi. Kazi ilitaka utulivu, kwani kila taa ilishikwa na utepe mwembamba ambao ukivutwa kwa pupa hukatika, na kioo nacho huharibika. Bosi naye alikamata bisibisi ili asaidie. Kioo chake cha kwanza kikapasuka.

"Bosi," Wifi akamnyang'anya bisibisi taratibu, "wewe tuletee chai."

Akaleta chai, siku zote za kazi ile, kwa sinia, na hakunung'unika. Wifi aliinama kuanzia asubuhi mpaka jua likizama. Alifungua, akapangusa, akapanga vioo huku na taa kule, na mwenzake akiharakisha alimkaripia. Siku ya mwisho ofisa alipita akikagua, akaandika ushuru mdogo. Bosi alisimama na sinia lake mkononi.

"Pakieni," alisema. "Jumatatu vinarudi mezani kufungwa. Na nyinyi mrudi wote."

Wanawake wakashangilia. Wifi peke yake alibaki ameketi, akimtazama. Mama Vioo akachuchumaa karibu yake.

"Wifi, kuna jambo nilikuficha."

"Kwamba tulikuwa tunaachishwa kazi?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Wiki nzima hujanitania. Juzi nimeunguza wali, ukala, ukashukuru. Nikasema, hapa kama si msiba ni kazi yangu, na msiba ungeniambia."

Mama Vioo akafuta macho kwa upande wa khanga. "Mbona sasa ulikuja huku ukainama siku zote hizi, kama ulijua?"

"Nilidhani ndiyo tunafunga karakana, vitu vinarudishwa kwa mwenyewe." Wifi akanyoosha mgongo, akakunja uso kwa maumivu. "Nikajiambia, kama ndiyo mara ya mwisho nazishika taa hizi, basi mkononi mwangu isivunjike hata moja."