Ukuta wa Bati Niliouuza

Gari langu la kwanza lilikuwa kuukuu, la kubebea mizigo. Kuliwasha ilibidi nisimame mbele yake nizungushe manivela mpaka jasho linitoke. Lakini kati ya dereva na nyuma palikuwa na ukuta wa bati. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hawasemezani moja kwa moja. Basi mama mkwe wangu alipanda nyuma na vikapu vyake, mimi mbele. Akitaka nisimame, alibisha bati mara moja. Tuendelee, mara mbili. Tuliheshimiana hivyo miaka mingi.

Kisha nikaliuza kwa jirani mmoja, mchuuzi wa mpunga, nikanunua jipya lililoletwa na treni kutoka kusini. Nilikwenda kulipokea stesheni nimevaa abakosti, ile suti yetu isiyo na tai. Liliwaka kwa ufunguo, halikunywa mafuta sana, tena lilikuwa na mashine ya kupasha joto, kana kwamba Kindu tulikuwa tunakosa joto. Mtaani wakaniita "sitwayeni mukubwa," yaani mwananchi mkubwa, nami nikaitika.

Wakati huo mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza. Aliomba jambo moja tu: siku ya saba, mtoto anapopewa jina, mama yake awepo. Siku ya sita asubuhi nikaondoka kumleta.

"Mama atakaa wapi?" mke wangu aliniuliza.

"Nyuma, kwenye kiti laini."

"Nyuma ya nini?"

Nikapiga honi, nikaenda.

Kijijini, kando ya barabara ya Kampene, mama mkwe alitoka na kuku kwapani. Alipoona lile gari lililo wazi ndani, alijifunika kitenge usoni, akamwinamia kuku.

"Kuku, umuulize huyu muntu: ukuta iko wapi?"

"Kuku," nikasema nikitazama chini, "umwambie mama, ukuta nilishauzisha."

"Muulize tena: na heshima aliuzisha, ao alimupa mununuzi bure juu yake?"

Kijiji kizima kikacheka. Nikageuza kioo cha kutazamia nyuma kikatazama juu, nikafunga shuka katikati ya viti, tukaondoka. Gari la zamani lilikuwa refu, lilivuka mashimo bila kujali. Hili jipya lilikuwa linasugua tumbo kila mahali. Shimo la kwanza tu, shuka likanidondokea kichwani. Nikageuka kulitoa, macho yetu yakakutana.

"Kuku! Mimi nashuka hapa! Nitangoja ukuta wangu!"

Akarudi kwao kwa miguu, na kwa hasira akamsahau mkalimani wake kitini. Yule mchuuzi aliyenunua gari la zamani angepita njia ile baada ya siku mbili.

Jua lilikuwa bado juu nilipofika Kindu. Ningeweza kumwomba jirani lile gari la zamani, na mama angefika kabla ya usiku. Sikwenda. Niliona haya kuazima nilichokiuza kwa majivuno. Kesho yake mtoto akapewa jina bila bibi yake, wageni wakasifu gari, na mke wangu hakunitazama kutwa nzima. Hilo ni kosa langu, si la barabara.

Siku ya nane nilisikia injini ninayoijua, kisha bati likabishwa mara moja mbele ya mlango wetu. Mke wangu akatoka mbio na mtoto. Mimi nilimfuata polepole, nimemshika kuku, maana nilikuwa na maneno mengi ya kumpa ampelekee mama.