Ile Harufu Haikuwa ya Muhogo

Siku moja naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, kambini upande wa Tanzania, tulikokimbilia kutoka Burundi. Bibi Sabina, jirani yetu pale kambini, aliniachia pipa la muhogo mchungu uliolowekwa, nimwambie ukiwa tayari. Muhogo ule usipochacha vizuri unaua watu. Mimi nikakaa nao tangu asubuhi, nikanusa, nikasema tayari, nikaanza kuutoa kwenye maji.

Bibi Sabina akaja, akainama, akanitazama.

"We Yustina, umenusa kwa pua ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Yako imelala! Umekaa na pipa tangu asubuhi, pua imezoea, haikuambii kitu tena. Umesema tayari kwa sababu unataka kwenda kucheza na rafiki yako Leokadia. Haya, tembea mpaka bombani, uvute hewa, halafu urudi."

Nikaenda nimenuna. Niliporudi, nikainama: maji machafu na muhogo mbichi, basi. Uchachu hakuna kabisa. Na watoto saba wa nyumba ile wangekula jioni yake. Nililia, mwanangu. Tangu hapo muhogo wa siku ya kwanza, wa pili na wa tatu naujua hata ukinifunga macho.

Sasa, huku Amerika tulifikia Louisville, mtaa wa Beechmont. Tukikaanga dagaa, jirani wa juu analalamika, mpaka siku moja msimamizi wa jengo akaja kugonga. Mkwe wangu Jeanine aliona aibu mpaka akaficha sufuria. Kuanzia siku ile, kila harufu mbaya anasema ni yetu. Aibu hiyo ndiyo iliyotaka kutumaliza.

Maana mwaka huu, kwenye baridi, Jeanine na mwanangu Elie walikuwa wameshanunua nyumba Buffalo, kule Black Rock. Nyumba kuukuu, madirisha yamezibwa kwa nailoni ili upepo usiingie. Mimi nilikuwa Columbus mwezi mzima, kwa binti yangu Spesioza. Elie akanichukua stendi ya basi mchana, akaniacha mlangoni, akakimbilia kazini. Nikafungua mlango, harufu ikanipokea kabla ya watu.

"Jeanine, nini hiki?"

"Karibu, Mama! Si muhogo wako? Nimekulowekea kule chini ya nyumba, leo siku ya tatu."

Mjukuu wangu Divine, wa miaka kumi na miwili, akacheka: "Bibi, nyumba nzima inanuka wewe!"

Nikasimama palepale na koti langu. Muhogo wa siku ya tatu unachacha, unakaribia pombe. Hii ilikuwa harufu ya yai bovu, haina uchachu hata chembe. Na Jeanine alikuwa ameshaweka birika la chai, mkono unakwenda kuwasha jiko la gesi.

"Usiguse jiko! Usiguse taa! Tokeni wote!"

"Mama, theluji yote hii? Majirani watasema tumekimbia chakula chetu wenyewe."

"Waache waseme. Toka!"

Tukatoka. Divine na soksi tu, amembeba mdogo wake Chantal ndani ya blanketi. Jeanine alininunia. Baridi ilipotukaa puani vizuri, nikamwambia, "Sogea mlangoni, usiingie. Nusa."

Akanusa. Uso ukambadilika.

"Mama... huu siyo muhogo. Ni gesi!"

Akapiga simu kuita zimamoto. Kijana wao mmoja, Kevin jina lake, nilimwuliza, aliingia na kile kidude chao cha kupima. Kikaanza kulia kabla hajamaliza ngazi za kwenda chini. Bomba la gesi lilikuwa limepasuka nyuma ya tangi la kupashia maji. Alipotoka akamwambia Jeanine, "Ungewasha lile jiko..." Hakumalizia. Akauliza nani aligundua.

Divine, yule yule aliyenicheka, akaruka kwenye theluji: "Bibi yangu! Bibi yangu Yustina!" Majirani waliotoka kutazama wakapiga makofi, nami nikapiga vigelegele katikati ya barabara, na umri wangu huu! Tulikuwa wazima sote wanne.

Mwanangu, nisikilize. Pua ya Jeanine ilileta habari vizuri tu. Aibu ndiyo iliyoijibu. Jicho, sikio, ulimi, ngozi, vyote vinaleta habari, lakini moyo unapenda kumaliza maneno haraka ili upumzike. Usiuruhusu. Ukizoea mahali, toka kidogo, halafu urudi ukiwa mgeni. Na anayeingia kwako akikuambia kuna kitu, usimkasirikie, mwambie anuse tena. Chakula cha kwenu usikionee aibu. Kijue vizuri, ili kisicho chako kikiingia ukitambue.

Mungu akuamshe kila asubuhi na macho yanayoona na pua iliyo macho. Na siku ya hatari akutoe nje wewe na wote wa nyumba yako, mhesabiane kwenye theluji, asikosekane hata mmoja. Amina.