Kofia Iliyofumwa Uani

Kabla Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala, hawajakataza mitumbwi, mume wangu alikuwa mume mzuri sana, kwa sababu hakuwepo nyumbani. Alikuwa mchuuzi wa mawese. Alinunua mafuta Gatete, akayapakia mtumbwini hapa Rumonge, akavuka nayo hadi ng'ambo, kisha akarudi na chochote alichokipata huko: mara chumvi, mara mbuzi, na safari moja kasuku aliyejua kutukana kwa lugha tusiyoielewa. Alikaa siku chache, akala, akasifiwa, akaondoka tena. Mimi na mke mwenzangu tulimpenda kwa mpango huo.

Mke mwenzangu ndiye aliyekuwa bi mkubwa. Mimi niliolewa baadaye. Mwanzoni hatukuelewana. Hatukugombana pia, maana kugombana kunataka watu wazungumze. Aliyetupatanisha alikuwa jirani yetu, mwanamke aliyelelewa na masista wa misheni ng'ambo ya ziwa kabla ya kuolewa na mvuvi wa huku. Masista walimfundisha sala, kufua, na kufuma kwa sindano ya ndoano, yaani kijiti chembamba cha chuma ambacho ncha yake imepindwa kama ndoana ya kuvulia samaki wadogo. Sala za masista aliziacha alipoolewa na Mwislamu. Sindano alikuja nayo.

Alasiri moja alikaa uani kwetu akatuonyesha. Unafunga kitanzi, unapitisha ncha, unavuta uzi, unapata kitanzi kingine. Bi mkubwa alitazama kwa dharau kama alivyotazama kila kitu, halafu akasema apewe ajaribu. Mpaka jua linakwenda kuzama alikuwa bado hajairudisha. Siku iliyofuata tukamwendea mhunzi mmoja, akatupindia vijiti viwili vya waya, akavinoa ncha kuliko tulivyomwomba.

Tangu hapo kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, tulitandika mkeka chini ya ukuta penye kivuli, tukanyoosha miguu, tukafuma. Tulifumua vipande vya kitambaa cha merikani kupata nyuzi. Tulifuma vifuniko vya mitungi, vya vikombe, vya sahani ambazo hazikuhitaji kufunikwa. Wakati mikono inafanya kazi mdomo nao unataka kazi yake, na ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Tuligundua kwamba mume wetu alitudanganya sote wawili uongo uleule, kwa maneno yaleyale, akakohoa pahali palepale. Sijawahi kucheka vile tena, na bi mkubwa aliharibu safu nzima ya vitanzi.

Ndipo ukaja ugonjwa wa malale. Sitaki mtu adhani ulikuwa mchezo. Mtu alianza kwa homa, matezi yakamvimba shingoni, kisha akawa anasinzia na chakula mdomoni, miguu haimtii, na mwisho wake wote tuliujua. Dada yake jirani yetu alipelekwa kambini, kule Wadachi walikowakusanya wagonjwa, akiwa anatembea, na hakurudi. Wadachi walisema wanaoueneza ni mbung'o wanaokaa vichakani kando ya maji. Wakaamuru watu wafyeke pwani, na mitumbwi isivuke bila ruhusa. Ruhusa yenyewe ilikaa kwa mzungu aliyekuwa mahali pengine kila alipotafutwa.

Kwa hiyo mume wetu akabaki nyumbani.

Juma la kwanza alikagua nyumba. Alituuliza kwa nini kuni zinawekwa pale na si hapa, kwa nini maharage yanachemka muda mrefu namna ile. Alimfundisha bi mkubwa kupika wali, bi mkubwa aliyekuwa akimlisha tangu ndevu zake hazijaota vizuri. Juma la pili alikwenda barazani kucheza bao na wanaume wenzake, akafungwa na kila mtu, akarudi amenuna. Baada ya hapo akahamia uani. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mkeka wetu, akapumua. Alipumua tu, kwa nguvu, na mazungumzo yetu yote yakakauka, maana mengi yalimhusu yeye.

Bi mkubwa ndiye aliyechoka kwanza. Alimtupia sindano yake na kibonge cha uzi, akamwambia ashike hiyo, walau apumue huku akifanya jambo. Nadhani alikusudia kumtukana. Wanaume wa Rumonge walishona kofia kwa sindano ya kawaida bila aibu yoyote, lakini sindano ya ndoano ilijulikana kuwa kitu cha wanawake, tena cha masista. Mume wetu aliitazama, akatazama mlango kama umefungwa, akauliza kitanzi cha kwanza kinafungwaje.

Alikuwa na mikono mizuri. Nasema kwa uchungu, kwa sababu mimi nilihangaika muda mrefu kabla ya kufuma mduara usiojikunja kama sikio la mbuzi. Yeye aliupata upesi. Mikono iliyozoea kufunga mizigo na kamba ilijua uzi unataka nini. Punde akaanza kutukosoa. Alisema vitanzi vyangu vimelegea. Alisema bi mkubwa anavuta uzi kama anakamua ng'ombe. Tulikuwa tumepata sehemu moja ya kupumzika katika nyumba ile, na sasa ilikuwa na msimamizi.

Kofia yake ya kwanza ilikuwa nyeupe, ina vijinyota vidogo kuzunguka pande zote. Alikwenda nayo msikitini siku ya Ijumaa. Watu walipomuuliza ameitoa wapi akasema imetoka Ujiji, kwa fundi mmoja wa siri. Wakaisifu. Wawili wakamwomba awaagizie. Alirudi nyumbani amejaa furaha na hofu kwa pamoja, akatukalisha chini akatuapisha kwamba habari hii haitatoka uani. Tukaapa. Akaanza kofia ya pili mlango ukiwa na komeo.

Asubuhi tuliyotembelewa, mlango haukuwa na komeo, kwa sababu jirani alikuwa ametoka muda si mrefu. Tulisikia buti. Wakaingia askari wawili pamoja na msaidizi wa daktari, yule aliyepita nyumba kwa nyumba kupapasa watu shingo. Mume wetu alikuwa na kofia mkononi, imefika nusu, na sindano ndani yake. Hakuwa na muda wa kufikiri. Aliiweka kitini, akaikalia.

Mhunzi wetu, kama nilivyosema, alikuwa amevinoa vile vijiti.

Niliuona uso wake ukibadilika. Hakupiga kelele, na kwa hilo nampa sifa zake. Macho yalijaa maji, midomo ikawa ya kijivu, jasho likamtoka puani. Msaidizi akamwamuru asimame. Alisimama taratibu sana, akashika ukuta. Yule msaidizi akamwambia atembee. Akatembea kiubavuubavu kama kaa, mgongo umeelekea ukutani, kwa sababu ile kofia ilikuwa inaning'inia nyuma ya kanzu yake kama mkia wa kondoo, nami nilikuwa wa kwanza kuiona. Akaulizwa tangu lini anatembea hivyo. Akajibu kwa sauti ndogo, neno moja moja, kwamba ni kawaida yake. Msaidizi akampapasa shingo, akakuta tezi limevimba upande mmoja. Lilitokana na jino bovu, lakini nani angeuliza habari za jino? Miguu haitii, ulimi mzito, tezi limevimba. Akasema huyu anakwenda kambini.

Hapo ndipo nilipotegemea aseme kweli. Neno moja lingetosha. Badala yake aliomba aletewe joho lake. Bi mkubwa akamvalisha kwa heshima zote, akalishusha vizuri nyuma ili kofia isionekane, na mume wetu akatoka katikati ya askari wawili akienda mahali ambapo watu hawarudi, heri hivyo kuliko mtu ajue kwamba anafuma.

Mlango ulipofungwa tulitazamana. Mimi nilianza kulia, halafu nikacheka, halafu sikujua ninafanya lipi. Bi mkubwa hakufanya chochote kati ya hayo. Alisema kwamba mpumbavu yule watamdunga dawa mpaka awe mgonjwa kweli, kisha akaingia ndani kupika chakula cha kumpelekea.

Kesho yake tulikwenda kambini, mwendo wa kuchosha kwenye jua, bakuli la wali kichwani. Watu waliokuwa wamekaa nje ya vibanda walinifuta kicheko chote. Palikuwa na mwanamke wa umri wangu aliyekuwa akisinzia mtoto akimvuta kanga. Mume wetu tulimkuta amelala kifudifudi kwenye jamvi, joho juu yake, hajavuliwa. Alikuwa amekataa katakata kuvua, na ukaidi huo wa kujifunika waliuandika kuwa dalili ya ugonjwa. Alimwita bi mkubwa kwa kidole akamnong'oneza aichomoe ile sindano haraka, kabla daktari hajafika. Bi mkubwa akajaribu. Lakini ncha ya ndoano huingia kwa njia moja na hukataa kutoka kwa njia ileile, na safari hii mume wetu alipiga kelele.

Daktari alikuja na mkalimani. Mkalimani alikuwa mtu wa msikiti wetu, na zaidi ya hapo alikuwa mmoja wa wale wawili walioagiza kofia kutoka Ujiji. Mume wetu alipomwona alifumba macho. Daktari akauliza mgonjwa ana nini. Bi mkubwa akasimama, akafunga kanga yake vizuri kifuani.

"Huyu hana malale," akasema. "Iko na sindano mu tako."

Mkalimani aliuliza sindano gani.

"Ya kufumia. Ameikalia."

Maneno hayo yalipofika katika Kidachi, daktari aliondoa joho mwenyewe. Sitaeleza zaidi, kwa sababu alikuwa mume wangu na sasa ni marehemu. Daktari alimpasua kidogo kwa kisu, akaitoa sindano, akamwaga dawa iliyonuka hadi nje. Baadaye alitazama damu yake kwa ile darubini yao, akasema haina kitu. Lakini kabla ya hapo, wakati mume wetu angali kifudifudi anauma shuka, daktari aliinua ile nusu kofia, akaigeuza kwenye mwanga, akazitazama zile nyota moja moja. Akasema maneno mengi. Mkalimani akatueleza kwamba bwana daktari anasema mama yake kwao hufuma hivi hivi, na kwamba kazi hii ni safi kuliko ya mama yake, na kwamba anawapongeza wake wa mgonjwa kwa mikono yao.

Bi mkubwa aliinamisha kichwa kupokea sifa. Ulikuwa wakati mzuri. Siri ingeweza kuishia hapo: sindano ni ya wanawake, kofia ni ya wanawake, mwanamume amekalia tu vitu vya wake zake, jambo linaloweza kumpata yeyote. Nilikwisha kuanza kumshukuru Mungu.

Mume wetu aliinua kichwa kutoka kwenye jamvi.

"Mwambie si wao," akamwambia mkalimani. "Ni miye nilifuma. Hawa vitanzi vyao vimelegea."

Mkalimani alimtazama, akaitazama kofia, na nikaona anaelewa polepole kwamba fundi wa siri wa Ujiji ndiye huyu aliyelala mbele yake kanzu imepandishwa kiunoni. Alitafsiri bila kuongeza neno. Hilo ndilo jambo la heshima zaidi nililowahi kuliona kwa mwanamume yule, maana kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshawaambia watu wote wa Rumonge.

Walimcheka, kwa kweli. Barazani waliacha bao kumwonyesha mahali laini pa kukaa. Mume wetu alijifungia nyumbani, amekaa upande mmoja juu ya mto, akasema atahamia Bugarama akalime, kitu ambacho hakujua kukifanya. Mimi nilimwonea huruma kidogo. Bi mkubwa alikuwa bado ana hasira kwa ajili ya vile vitanzi, na kwa siku kadhaa alimpikia maharage yaliyochemka muda mfupi, kama mwenyewe alivyokuwa ameelekeza.

Aliyemtoa ndani ni mkalimani mwenyewe. Alikuja akabisha hodi, akakaa, akazunguka na habari za mvua na za bei ya samaki, na mwishowe akauliza kama ile kofia yake itakuwa tayari kabla ya Idi, kwa sababu Ujiji au hapana Ujiji, yeye aliagiza. Mume wetu alifikiri kwa muda mrefu kama mtu anayeombwa binti. Akajibu kwamba itakuwa tayari, ila hatafanya kazi ya fundi uani kwenye kelele za wanawake. Akabeba kiti na mto wake, akaenda kukaa barazani mbele ya nyumba, mbele ya macho ya watu wote, akafuma. Wa kumcheka walicheka, kisha wakasogea kuona nyota zinafanywaje.

Sisi tulifunga mlango wa uani. Bi mkubwa akatandika mkeka, tukakaa, tukanyoosha miguu. Jirani akaja, akauliza mbona hatufumi leo. Bi mkubwa akamwambia akae, anyamaze kidogo, asikilize jinsi ambavyo hapana mtu anayepumua.