Maji Yaliyofungwa na Mama Angélique

Mama Angélique alikuwa mtu wa Yanonge, wa watu wa mto, na ukitaka kumchukia alikurahisishia kazi. Mdomo wake ulikuwa pilipili tupu. Nyuma ya nyumba yake, kando ya njia ya Kapalata, kulikuwa na jicho la maji, na kijito kilichotoka hapo kilifanya chini yake bwawa la kuogelea. Kila dimanche, yaani Jumapili, vijana walikuja kuoga, na Hubert, mfanyabiashara kutoka Butembo, akafungua nganda yake ya pombe karibu: viti vya plastiki, bière, muziki. Bon, mtu kufurahi si dhambi, hasa wakati wa vita. Lakini Hubert alikata matete ili wateja waone maji, miti ya kando ikachomwa makaa, na watu wakaoshea pikipiki palepale maji yanapochipuka. Mwishowe jicho likawa linatoa tope.

Angélique akalifunga, vile kwao wanavyofunga bwawa ili samaki watage: vijiti vya kuzunguka, kamba ya rafia juu yake. Jambo hilo lina sheria, na mama yake alimfundisha kwa fimbo. Anayefunga maji hunywa wa mwisho. Siku ya kufungua atamnywesha kila mtu wa mahali hapo kwa mkono wake mwenyewe, hata mwizi, hata mchawi, ndipo anywe yeye. Avenue nzima iliijua sheria hiyo, kwa maana aliipigia kelele kila siku.

Papa Édouard, chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, akawaita wote wawili. "Juu, mama apande matete yake," alisema. "Chini, watu waoge. Mutu asipite kamba."

Walikubali kwa mdomo. Dimanche iliyofuata Hubert akang'oa vijiti, kwa sababu wateja walitaka kuruka kutoka jiwe la juu. Angélique akaenda moja kwa moja, akageuza meza na bière zake zote. Askari wawili walikuwa wanakunywa hapo. Mmoja akampiga kofi mbele ya watu mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na Hubert akacheka. Kofi Angélique alilisamehe, alisema mwenyewe, askari ni askari. Kicheko hakukisamehe.

Akarudisha vijiti, akapanda matete upya, akalala na panga. Wateja wakaogopa mdomo wake kuliko bunduki, wakabaki chini. Polepole maji ya juu yakatakata, na samaki wadogo wakaonekana. Alipoulizwa atafungua lini, alijibu, "Bado."

Halafu ukafika mwezi wa sita wa mwaka elfu mbili, majeshi mawili ya wageni yakaja kupigana ndani ya mji wetu. Umeme wa mto Tshopo ukakatika, bomba zikakauka, na kwenda mtoni kuteka kulikuwa kwenda kufa. Lori la askari likaungua kando ya bwawa la chini, mafuta yakaingia majini. Likabaki jicho la Angélique peke yake. Akakata kamba. Watu wakaja wakitambaa kwa tumbo, akawanywesha mmoja mmoja.

Hubert naye akaja na ndoo, macho chini. "Mama, naomba maji."

"Weye kunywa bière yako," Angélique akamjibu.

Hubert akarudi na ndoo yake tupu. Emérence, dada yake Angélique, akamhurumia, akampelekea kidumu kwa siri. Kikarudi kimejaa. "Alete yeye," Hubert alisema. "Mimi niko na bière. Tutaona nani ataanza kufa."

Ndipo ujinga wa Angélique ulipomshika shingoni. Asiponywa Hubert, hawezi kunywa yeye. Emérence akamshikia kikombe. "Kunywa, dada. Hakuna mutu anaona."

"Maji inaona," alisema.

Akamaliza maji ya mvua yaliyobaki chunguni, na mvua nyingine ikakataa. Ulimi ukavimba. Watu wakamsihi ampelekee Hubert yaishe. Akawatukana wote, pamoja na Papa Édouard. Kiburi si maungwana, wakamwambia. Yeye hakuwa anatafuta uungwana, alitaka Hubert afe na kiu, na nisikudanganye, alimaanisha.

Asubuhi moja mabomu yalipopumua kidogo alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Akaelewa kwamba atatangulia yeye, na Hubert atacheka tena. Hilo halikumezeka. Akajaza kikombe, akaenda kwa magoti katikati ya matete aliyoyapanda, nayo yakamficha mpaka mlango wa nganda.

Hubert alikuwa amelala sakafuni kati ya chupa tupu, midomo imepasuka. Bière ilikuwa imekwisha zamani.

Angélique akamwinua kichwa kwa kola ya shati. "Kunywa, mbwa weye," alisema. "Kunywa, na miye nipate kunywa."

Hubert akanywa nusu, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili. Hakucheka. Angélique akamwaga mabaki sakafuni, akarudi kwa magoti mpaka kwenye jicho la maji, akatia uso wote ndani. Alikunywa mpaka akatapika, akanywa tena.

Vita ilipoondoka na mafuta yakachukuliwa na maji, watu walirudi kuoga kila dimanche, chini ya pale kamba ilipokuwa. Anayewafukuza wakipita juu ni Hubert. Yeye na Angélique hawajasalimiana hadi leo.